Maji ya Kunde Hayana Nambari

Nilistaafu kazi ya uchapaji nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Hakukuwa na sherehe. Fundi Barasa, aliyenifundisha nusu ya yale ninayoyajua, alininunulia soda, kisha akaniuliza kama nimerudisha ufunguo wa choo. Nilikuwa nimeurudisha.

Najua mtu wa umri wangu hana haki ya kuandika kama mzee aliyemaliza safari. Lakini kazi nimemaliza kweli. Sasa nafuga kuku nyumbani kwetu Bahati, na siku nyingine najikuta nikipanga mayai kuanzia jeupe kabisa hadi la kahawia iliyokolea. Mnunuzi akija anayachanganya yote kwenye trei moja bila hata kuyatazama. Nageuka upande mwingine hadi amalize.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, mliojifunza kwa video kama mimi, na ambao tayari tumbo linawauma kwa sababu kijani cha kwenye simu ya mteja hakifanani na kijani kilichotoka kwenye printa. Hakitafanana. Laiti mtu angeniambia hivyo siku ya kwanza. Skrini ni taa. Inakurushia rangi machoni. Karatasi si taa. Inasubiri mwanga wa chumba, inameza sehemu yake, inakurudishia kilichobaki. Kuna kijani ambacho taa inaweza kukionyesha na hakuna wino duniani unaoweza kukifikia. Mwambieni mteja kabla ya kuchapa. Ukimwambia baada ya kuchapa, hiyo inaitwa kisingizio.

Nitawaeleza kazi moja tu. Nyingine zitaingia katikati kwa sababu ndivyo zilivyokuwa zikiniingia kichwani.

Duka letu lilikuwa Nakuru mjini, chini ya daktari wa meno. Tulichapa mabango, kadi za harusi, stika za magari, menyu za hoteli na picha za marehemu. Jumatatu moja asubuhi aliingia mama mmoja amevaa sweta ya kijivu, akaangalia pande zote, akachagua kuongea na mimi, pengine kwa sababu Barasa alikuwa anakula.

"Sasa, boss."

"Fiti, mathe. Karibu."

Aliitwa Mama Shiro. Alikuwa na kioski Mai Mahiu, anauzia madereva wa malori chai na chapati. Alitoa simu, akanionyesha picha ya mwanamume aliyeketi kwenye ngazi ya lori, mkono mmoja gotini.

"Huyu ni Baba Shiro. Harusi ya Shiro ni Jumamosi. Nataka Baba Shiro akae kwa kiti chake, pale mbele na wazazi wengine."

"Unataka picha ya saizi gani?"

"Ya mtu ameketi."

Niliandika kwenye kitabu cha oda: saizi, mtu ameketi.

Picha yenyewe ilikuwa ya kusikitisha. Ilikuwa picha ya karatasi ya zamani, ikapauka, kisha binamu fulani akaipiga picha kwa simu chini ya taa ya tyubu, kisha ile ya karatasi ikalowa mvua na kutupwa. Iliyobaki ndiyo hii ya simu. Na kwa hii ya simu, uso wa Baba Shiro ulikuwa na ukijani.

"Ona hapa," Mama Shiro alisema. "Amekuwa kama mtu amekunywa dawa ya mbuzi. Hakuwa hivi."

"Alikuwa rangi gani?"

Aliiweka simu juu ya kaunta. Kisha akanieleza jambo ambalo kwa siku tano halikunitoka akilini. Yeye ni mweusi, na watu wa kwao wote ni weusi. Shiro akatoka na rangi yake, ya peke yake. Tangu shule ya nasari watoto walikuwa wakimuuliza aliokotwa wapi. Baba yake, dereva wa lori kutoka pwani, aliugua akafa Shiro akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo hamkumbuki.

"Nimemwambia maisha yake yote, hiyo rangi ni ya babako. Ananiambia, nionyeshe. Sasa nionyeshe ndio hii." Aligonga kioo cha simu kwa ukucha. "Nimwonyeshe mtu wa kijani?"

Nilimwambia tuna njia rahisi. Amlete Shiro dukani, nipime rangi ya mkono wake, nimpe baba yake rangi hiyo hiyo.

Alinitazama kama mtu anayefikiria kwenda duka lingine.

"Ukimpaka rangi ya Shiro," alisema, "si utakuwa umemdanganya Shiro?"

Nilimuuliza tena, basi alikuwa rangi gani.

"Maji ya kunde. Yeye mwenyewe alikuwa anasema hivyo. Mimi ni maji ya kunde."

Niliandika: maji ya kunde. Alipoondoka Barasa alifuta mikono, akasoma kitabu juu ya bega langu, akasema, "Angalau si damu ya mzee."

Lazima niwaeleze damu ya mzee. Mwaka wangu wa kwanza, mwenyekiti wa kwaya moja aliagiza bango la rangi ya damu ya mzee. Kila mtu huku anajua rangi hiyo: ni ile nyekundu iliyokolea hadi ikakaribia weusi. Shida ni kwamba mimi nafanya kazi kwa nambari. Nusu hii ya wino, robo ile. Nikamuuliza, kwa nia safi kabisa, "Mzee wa umri gani?" Mume wake alikuwa amesimama nyuma yake, na alikuwa mzee. Kwaya ile ilikwenda kuchapa kwingine. Tangu siku hiyo niliogopa jina lolote la rangi linalotokana na kitu kilicho hai.

Sasa mtaniuliza kwa nini sikumuuliza Mama Shiro maswali zaidi. Kwa sababu ya hilo.

Mnapaswa kujua nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa natapika. Sisemi kwa mfano. Mteja akipiga simu kwamba yuko njiani kuchukua kazi, nilikuwa nauchukua ufunguo wa choo. Barasa aliniita Sampuli, kwa sababu kazi ya stika moja niliichapia majaribio kumi na nne. Yeye alianza zamani, enzi za kuchapa kwa fremu na kitambaa, akichanganya rangi kwa mwiko ndani ya mikebe ya mafuta ya kupikia. Hakuwahi kugusa kipanya cha kompyuta kwa kidole zaidi ya kimoja. Lakini ukimpa karatasi, aliibeba hadi nje mlangoni, akaiangalia kwenye mwanga wa jua, akarudi na kusema neno moja: "Nyekundu." Alimaanisha imezidi. Ikipungua alisema, "Njaa."

Ushauri wake wa rangi ulikuwa mmoja tu. Peleka kwa jua. Niliudharau kwa miaka miwili kwa sababu haukuwa na mipangilio ya kubonyeza.

Kosa langu kubwa la mwanzo halikuwa la jua, lilikuwa la chumvi. Programu ya kompyuta inaweza kurekebisha rangi ili zifae karatasi. Printa nayo inaweza kurekebisha rangi ili zifae karatasi. Nilidhani zikirekebisha zote mbili tutapata rangi sahihi mara mbili. Ni kama mboga inayotiwa chumvi na mama, kisha na dada ambaye hakumwona mama. Nilichapa kalenda nzima ya shule moja ambapo walimu wote walionekana wametoka kupigana. Chagueni mmoja atie chumvi, mwingine azimwe kabisa.

Na kila Jumatatu, kabla ya kazi yoyote, chapeni ile karatasi ya kukagua matundu ya wino. Wino ukikaa Jumamosi na Jumapili bila kutumika hukauka kwenye matundu, na kwetu ulikuwa unakauka wa majenta kwanza, ule wa waridi. Majenta ikikosekana, ngozi za watu wote zinakuwa za kijani. Niligundua hivyo kupitia bango la mbunge mtarajiwa. Hakupita. Sidhani ni mimi.

Kitu kingine tulichokuwa nacho ni jiwe. Binamu yake Barasa aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya Kariandusi, wanakochimba lile jiwe jeupe jepesi linalofanana na mkate mkavu. Alimletea kipande cha ukubwa wa ngumi. Barasa alikitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Mimi ndiye niliyekipandisha cheo. Kila nilipopiga picha sampuli ya mteja, kipande cha kitambaa au kifuniko cha chupa, niliweka jiwe kando yake. Kwenye kompyuta nilirekebisha picha hadi jiwe liwe jeupe, na kila kitu kingine kikafuata. Njia hiyo ni sahihi, na bado nawashauri muitumie. Kamera haijui nyeupe ni ipi, lazima uionyeshe. Nilijivunia jiwe lile. Niliwahi kumweleza mtu kwamba maduka mengine hayana jiwe.

Basi. Jumanne nilikwenda sokoni kununua kunde.

Mimi nimekulia Bahati. Kwetu kunde ni mboga ya majani. Mama huichanganya na mboga ya managu. Nilinunua mafungu mawili, nikazichemsha kwenye jiko la gesi ambalo Barasa alipikia chai, nikachuja maji ndani ya glasi, nikaweka jiwe kando, nikapiga picha.

Maji yalikuwa ya kijani.

Hapa ndipo nataka mnielewe. Nilishtuka, ndiyo. Lakini kisha nikaiangalia picha ya simu, na kwenye picha ya simu uso wa Baba Shiro ulikuwa na ukijani. Mashahidi wawili, hawajuani, wanasema kitu kimoja. Nikajiambia pengine Mama Shiro hakukataa kijani chenyewe, alikataa kiwango. Nilikipunguza. Nikatengeneza kijani cha heshima. Nilichapa uso peke yake, wa ukubwa wa sahani, nikampelekea Barasa.

Alikwenda nao mlangoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

"Huyu alikuwa wa jeshi?" aliuliza.

"Dereva."

"Mbona umempaka ajifiche porini?"

Sikumsikiliza. Alikuwa mtu wa mikebe. Mimi nilikuwa na vipimo. Jumatano Mama Shiro alikuja kuona jaribio. Niliuweka uso juu ya kaunta. Akauangalia, akavua miwani, akaivaa tena.

"Boss," alisema polepole. "Huyu amekufa lini?"

"Wewe ndio unajua, mathe."

"Huyu amekufa leo."

Nilijieleza. Nilimwonyesha picha ya glasi, nikamwonyesha jiwe, nikamweleza kuhusu mashahidi wawili. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Ulichemsha kunde gani?"

"Kunde. Za soko."

"Za majani?"

Barasa, aliyekuwa akikata stika, aliacha kukata.

"Kwani kuna zingine?" niliuliza.

"Mbegu, boss! Kunde mbegu! Mtu wa pwani akisema maji ya kunde anasema ya mbegu. Zile nyekundu nyekundu. We ulidhani nilikuwa nimeolewa na sukuma wiki?"

Alicheka hadi akashika kaunta. Barasa naye akacheka, akasema, "Sampuli, nilikwambia huyu ni wa jeshi." Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu. Ilikuwa Jumatano saa nane. Picha kubwa inahitaji kukauka usiku mmoja kabla ya kuwekewa plastiki juu, kwa sababu wino ukiwa mbichi rangi bado inahama, na plastiki yenyewe huzidisha weusi. Mkumbuke hilo: jaribio lisilokauka ni uvumi. Nilikuwa na siku moja.

Mama Shiro aliacha kucheka kabla ya Barasa. Alifikiri.

"Kesho nitakuja na sufuria," alisema.

Alikuja Alhamisi asubuhi na sufuria, mfuko wa kunde nyekundu na mwiko wake mwenyewe. Aliangalia jiko letu la gesi kwa huruma, akalipangusa, akaanza. Nilikuwa nimejitayarisha. Msiulize kichwa kiliniuma namna gani, lakini nilikuwa nimechapa vipande ishirini na vinne vya kahawia, kila kimoja kimetofautiana kidogo na mwenzake, nyuma nimeandika nambari. Nilikuwa pia na saa. Nilitaka kujua ni dakika ya ngapi.

"Zinachemka dakika ngapi, mathe?"

"Mpaka ziwe."

Maji yalianza kama maji, yakawa ya waridi hafifu kama maji ya kusuuzia kikombe cha juisi. Nikapiga picha na jiwe. Yakawa ya kutu. Nikapiga. Kila mara nilimwangalia usoni, na kila mara alisema, "Bado." Daktari wa meno alishuka kuuliza nani anapika. Barasa akamwambia ni wino mpya.

Nikasogeza jiwe karibu na sufuria kwa picha nyingine. Mama Shiro akalichukua, akaligeuza, akalinusa.

"Hili jiwe lenu mbona lina mafuta?"

"Halina mafuta. Ni la Kariandusi. Ndilo jeupe letu."

"Hii ni ya mandazi," alisema. Mtu ambaye amepika mandazi maisha yake yote hahitaji kipimo. Alichukua kisu cha Barasa cha kukatia stika, akalikwangua upande mmoja. Ndani kulikuwa na weupe ambao sikuwa nimeuona tangu jiwe lile lije. Nje, sasa tulipoweza kulinganisha, kulikuwa na rangi ya siagi.

Nilimgeukia Barasa. Barasa aliangalia mandazi yake ya saa nne, yaliyokuwa yameketi pale yalipoketi kila siku, kwenye karatasi, mbele ya jiwe. Kisha akaangalia vidole vyake.

Kwa miaka minne jeupe langu lilikuwa mandazi. Kwa miaka minne, kila kompyuta ilipogeuza siagi ile kuwa nyeupe, ilisukuma kila kitu kingine kwenye ubluu. Nilikumbuka kazi zote nilizozirudia, wateja wote niliowaambia macho yao yana shida. Niliutazama ufunguo wa choo uliotundikwa ukutani. Lakini Mama Shiro alisema, "Angalia sufuria, boss," nikaangalia sufuria.

Maji yalikuwa yamekuwa kahawia yenye wekundu ndani yake, kama udongo wa barabara ya Njoro baada ya mvua, lakini yenye kung'aa. Alikuwa ameinama juu ya mvuke. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Hapo. Zima."

Nilizima.

"Hapa ndio nilikuwa natia nazi," alisema. "Yeye ndiye alinifundisha, sisi kwetu hatukuwa tunapika na nazi. Na kabla sijatia, alikuwa anatoka huko nje, anakuja anaweka mkono hivi, kando ya sufuria." Aliweka mkono wake mweusi kando ya sufuria. "Anasema, ona, ni mimi."

Barasa alitoka nje, akadai anaangalia kama kuna jua.

Tuliyamimina maji kwenye bakuli jeupe. Hapo nikapata wasiwasi mpya: kwenye sufuria yalikuwa meusi zaidi, kwenye bakuli yamefunguka, na kwenye kijiko yalikuwa karibu manjano. Rangi ile ile, vina vitatu vya maji. Nilimuuliza ni kina kipi. Alisema cha bakuli, kwa sababu bakuli ndilo alikuwa anamwekea. Tukabeba bakuli na vipande ishirini na vinne hadi mlangoni, kwenye jua. Watu walipita wakituangalia. Alivisogeza kimoja kimoja kando ya maji, kama anayechagua kitambaa, na akasimama kwenye cha kumi na saba. Mimi ningechukua cha kumi na sita. Nilifungua mdomo.

"Mwache," Barasa alisema. "Huyo ndiye mashine ya kupimia."

Najua uso hauna rangi moja. Kuna paji linalong'aa, kuna kivuli chini ya kidevu. Nilichofanya ni kuchagua sehemu moja ya shavu isiyo na mng'ao wala kivuli, nikaifanya iwe kumi na saba, na kuufanya uso wote ufuate. Wengi wenu mnavuta rangi ya picha nzima hadi shati linaharibika. Anzeni na shavu. Nilichapa Alhamisi jioni, ikakauka, Ijumaa ikapata plastiki. Niliagiza plastiki isiyong'aa, ili mwanga usimrudie mtu machoni. Mama Shiro alimbeba Baba Shiro chini ya kwapa, amefungwa kwa shuka, akampandisha gari. Sikutapika. Niliona ni ajabu, nikaandika kwenye kitabu.

Alikuwa amenialika harusini. Mtu mwenye akili timamu angekaa nyumbani. Mimi nilikwenda kuangalia kazi.

Harusi ilikuwa kwenye kiwanja cha kanisa Mai Mahiu, na walikuwa wameweka tenti. Naomba msimame hapa kidogo, kwa sababu katika mambo yote niliyopima juma lile, hilo sikulipima. Tenti ilikuwa ya kijani. Nje kulikuwa na jua kali la saa tano, na jua lote lilikuwa linapita kwenye kitambaa cha kijani kabla ya kufika ndani. Wachungaji walikuwa wa kijani. Keki ilikuwa ya kijani. Na mbele kabisa, kwenye kiti chake kati ya wazazi wengine, kwa usahihi wote wa kipande cha kumi na saba, Baba Shiro alikuwa mtu aliyekunywa dawa ya mbuzi.

Bibi harusi alikuwa bado hajafika. Nilimpigia Barasa simu. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: kitambaa, mwanga, shavu.

"Sampuli," alisema.

"Ndiyo."

"Nimekwambia miaka minne, jua."

Nilipotazama tena mbele, Mama Shiro alikuwa ameshasimama. Alikuwa ameona. Hakuniuliza chochote. Aliinama, akashika kiti kwa mikono yote miwili, picha na yote, akaanza kukivuta kuelekea nje. Nilikimbia nikashika upande mwingine.

Mshereheshaji akashtuka kwenye kipaza sauti. "Mama, mama yetu, wazazi wanaketi huku ndani, kwenye kivuli."

"Baba Shiro ataketi jua," Mama Shiro alijibu. "Alikuwa dereva, amezoea."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Tukakiweka kiti nje, hatua tatu kutoka kwenye tenti, kikiangalia njia ambayo maharusi wangepitia. Kwenye jua Baba Shiro akarudi. Sijui niseme vipi tena. Akarudi.

Shiro alikuja akiwa ameshikwa mkono na mjomba wake, vigelegele mbele na nyuma. Alikuwa amepangiwa kupita moja kwa moja. Alipofika kwenye kiti alisimama, na waliokuwa nyuma yake wakagongana. Vigelegele vikapungua kimoja kimoja. Aliangalia muda mrefu. Kisha akavua glavu ya lesi ya mkono wa kulia, akampa mjomba aishike, akainama na kuweka mkono wake kando ya shavu la baba yake. Aliuweka bapa, umegusa ukingo, bila kivuli kati. Ndivyo sampuli inavyowekwa. Hakuna aliyemfundisha.

Mama yake alimnong'oneza, akanielekeza kwa kidevu, kisha akarudi kuketi ndani ya tenti. Shiro akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa, lakini swali lilikuwa la kawaida, la mtu aliyeulizwa swali hilo hilo tangu nasari.

"Boss, inafanana?"

Sikuweza kufanya lingine. Niliinama, nikakinga mwanga kwa kiganja, nikatafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii. Na nilipolipata nikalisema, kwa sababu sijui kudanganya kuhusu rangi.

"Mkono umezidi wekundu kidogo."

"Mkono?"

"Picha iko sawa."

Alinitazama, akaangalia mkono wake, akaangalia shavu. Kisha akaangua kicheko, akaita hadi tenti nzima ikageuka.

"Mama! Anasema babangu ako sawa, ni mimi niko na makosa!"

"Basi vumilia," Mama Shiro aliita kutoka kwenye tenti ya kijani. "Hatuchapi mwingine!"

Jumatatu nilimwambia Barasa nimemaliza, nikarudisha ufunguo wa choo.